Bonge la Udongo Kwenye Njia Panda

Fakihi hakuinuka mlango wa mahabusu ulipofunguliwa. Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, akijitazama vidole kama fundi aliyenyang'anywa tindo. Alikuwa mchonga vinyago wa Mbagala, kwao Newala, na kesho yake asubuhi angesimamishwa mbele ya hakimu kwa kosa la kumuua Mwalimu Romani.

"Umekuja kuniuliza yaleyale," alisema.

"Nimekuja kukuuliza mengine." Sajenti Atuganile aliburuta kigoda akakaa. Alikuwa mwanamke mrefu, mzaliwa wa Tukuyu, na sare yake ilikuwa na vumbi la safari ya asubuhi kutoka mjini. "Jalada lako nimepewa jana. Nimelisoma lote. Limejaa wivu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Njia yenyewe haimo."

"Njia gani?"

"Ya matembezi."

Fakihi akainua uso kwa mara ya kwanza.

Mwaka huo Kamati ya Sabasaba ya pale Mbagala ilikuwa imeamua kwamba watu wasisimame tu uwanjani kusikiliza hotuba. Watatembea: wanafunzi, wazazi wao, na wageni kutoka mjini. Wataanzia shuleni, wapite kisimani, wapande ukingo wa bonde la Mto Mzinga mpaka mahali ambapo mto wote unaonekana ukijipinda katikati ya mpunga, kisha wateremke mikoroshoni na kurudi shuleni kwa njia nyingine. Si matembezi ya kumtoa mtu roho, wala si ya kwenda dukani na kurudi. Romani ndiye aliyeyabuni. Fakihi ndiye aliyefyeka vichaka na kuziba njia za pembeni ili watu wasipotee.

Jumamosi iliyopita, mapema, Romani alitoka peke yake kwenda kuujaribu mzunguko huo kwa kuuanza kinyume, kupitia upande ambao kwa kawaida wangerudia. Alitaka kujua kama jua la asubuhi litawapiga watoto usoni. Kwenye njia panda ya juu akashika njia ya machimbo ya zamani ya mchanga. Ukingo ukakatika chini ya miguu yake. Alizikwa Jumatatu.

"Njia sahihi ilikutwa imezibwa kwa tawi," Atuganile alisema. "Ya machimboni ilikuwa wazi. Matawi uliweka wewe. Na Eufrazia, kabla hajaolewa na Romani, wewe ndiye uliyepeleka posa ikarudishwa. Halafu ukasema mbele ya watu kwamba Romani hatafika mbali. Ungekuwa wewe ndiye polisi, ungemkamata nani?"

"Ningejikamata mwenyewe."

"Haya. Sasa niambie ulizizibaje hizo njia."

"Si kwa tawi tu."

"Kwani tawi halitoshi?"

"Aka! Tawi tu ni takataka, afande. Upepo unaangusha, mbuzi anaburuta. Kwetu ukitaka mtu ajue kwamba ni binadamu mwenzake aliyemwambia asipite, unaweka bonge la udongo juu ya shina. Tawi na bonge. Na kule juu ni mchanga mtupu, haufinyangiki, ndio maana nikabeba udongo wa mtoni kwenye kikapu. Mabega yaliniuma siku mbili."

"Romani alijua habari ya bonge?"

"Romani alikulia bweni la misheni, atajua nini? Yeye na wenzake kwenye kamati niliwaambia kwa ufupi: ukiona tawi, usipite. Basi."

"Mbona haya hayamo kwenye maelezo yako?"

"Aliyeniandikisha aliniuliza kama nilikuwa namwonea wivu Romani. Nikasema ndiyo. Akafunga."

Atuganile akasimama, akakirudisha kigoda mahali pake.

*

Aliyemwandikisha alikuwa Koplo Polikarpo, na ndiye aliyempeleka Atuganile kwenye njia panda saa ile ile. Alikuwa kijana mnene, mwenye kuhema, na hakupenda kuona jalada lake likichambuliwa na mwanamke kutoka mjini.

"Mwenyewe amekiri wivu, afande," alisema. "Ukishapata wivu, unatafuta nini tena?"

"Udongo."

Njia kutoka mikoroshoni ilipofika juu iligawanyika mara mbili kama uma. Kulia ilishika ukingo wa bonde; kushoto iliingia kwenye nyasi ndefu kuelekea machimboni. Mchanga ulikuwa mweupe na laini. Atuganile aliuchota, akaufinya, ukammwagikia kiganjani.

"Tawi ulilichukua wapi?"

"Hapo kulia. Lilikuwa limelala limekatiza njia."

"Lilikuwa na kitu juu yake?"

"Hapana. Tupu."

"Na yale matawi mengine mawili uliyoyakuta kule chini?"

Polikarpo alijikuna shingo. "Yale yalikuwa na mabonge ya udongo. Nilidhani ni vichuguu, nikayapiga teke. Matawi nikayaleta kituoni kama vielelezo."

Atuganile aliinama kwenye njia ya kushoto. Hatua chache ndani ya nyasi kulikuwa na bonge jeusi la udongo mfinyanzi, limekauka, ukubwa wa kichwa cha mtoto. Hakuna mguu uliolikanyaga. Aliligeuza taratibu kwa mikono miwili. Upande wa chini ulikuwa na mfereji wa shina, na kandokando ya mfereji majani mawili ya mkorosho yalikuwa bado yameganda.

Polikarpo akaacha kuhema.

"Tawi lilikuwa hapa kushoto, chini ya bonge," Atuganile alisema. "Fakihi aliziba machimbo kama alivyotakiwa. Akaja mtu, akalichomoa tawi, akaliweka kulia. Bonge akaliacha lilipo, kwa sababu hakujua kwamba ni sehemu ya maneno. Romani alipoona tawi kulia alidhani njia imebadilishwa."

"Labda Fakihi alifanya makusudi, ili tuseme hivyo."

"Labda. Lakini angekuwa amefanya makusudi, angekuwa ameshatuambia tangu wiki iliyopita. Nani alionekana huku siku moja kabla?"

"Mjane. Eufrazia. Mchoma mkaa mmoja alimwona mikoroshoni Ijumaa alasiri. Mwenyewe alisema alikwenda kutafuta kuni."

"Alirudi na kuni?"

Polikarpo alifikiri. "Hilo sikuuliza."

*

Walikutana shuleni baada ya misa. Mwalimu Gaspar, mwenyekiti wa kamati, alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono inasimama. Alikuwa mtu wa Bukoba, mwenye Kiswahili cha kuchagua maneno. Pamoja naye alikuwa mchumba wake, Mwalimu Anastasia, aliyekuwa akimsaidia Romani kupanga matembezi. Macho yake yalikuwa yamevimba, na Gaspar hakuwa akiyatazama. Eufrazia alifika mwisho, kaniki ya msiba mwilini, akasimama mbali na Anastasia kadiri chumba kilivyoruhusu.

"Ndugu zangu," Atuganile alisema, "naomba mnipangie matembezi upya. Nataka kuyatembea kama alivyoyatembea marehemu, kinyume."

"Matembezi yamefutwa," Gaspar alisema. "Na niseme ukweli, Sajenti, mimi niliyapinga tangu mwanzo. Mpango wangu ulikuwa wa Barabara ya Kilwa: moja kwa moja, salama, na viongozi wanawaona wananchi. Lakini watu walitaka bonde. Walitaka mandhari."

"Watu gani?"

"Aulizwe Mwalimu Anastasia. Yeye ndiye aliyepiga kura ya kuamua."

"Gaspar, tafadhali," Anastasia alisema kwa sauti ndogo.

"Kwani nimesema uongo? Kila Jumamosi bondeni. Wanarudi wana majani kichwani, wanacheka."

"Tulikuwa tunatafuta kivuli cha watoto kupumzikia!"

"Kivuli mlikipata," Eufrazia alisema kutoka kule pembeni. "Mpaka mume wangu akirudi nyumbani alikuwa akikaa juani."

Atuganile akauliza, "Nani walijua kwamba Romani angeanza kinyume siku ile?"

"Kamati. Alitueleza hapa hapa Alhamisi," Gaspar alisema. "Mimi, Anastasia, na huyo Fakihi."

"Wewe, Mwalimu, bondeni umewahi kufika?"

"Sijawahi kukanyaga huko hata mara moja. Sikuwa na haja."

"Leo utafika. Wewe ni mwenyekiti, basi tangulia."

Walitoka kwa mstari: Gaspar mbele, Atuganile nyuma yake, kisha Anastasia, kisha Eufrazia, na Polikarpo mwisho akihema. Gaspar aliendelea kusema juu ya mpango wake wa Barabara ya Kilwa, jinsi alivyouchora kwa rangi mbili, jinsi wajumbe walivyoutazama mara moja tu na kuugeukia wa Romani. Maneno yalimtoka kwa mfululizo na miguu ikamfuata. Kwenye kichaka cha kwanza, ambapo njia pana ilikwenda kulia na nyembamba kushoto, alishika nyembamba. Penye shina lililoungua akakata kulia. Matawi hayakuwapo tena. Polikarpo alikuwa ameyaondoa tangu wiki iliyopita.

Nyuma, Anastasia alisimama pale penye shina. "Ni hapa kweli? Mie kutokea huku sipajui. Tulikuwa tunatokea kisimani."

"Fuata mchumba wako," Eufrazia alimwambia. "Au umezoea kufuata wa wenzio?"

"Dada Eufrazia, mie na Mwalimu Romani hatukuwa na lolote."

"Nani amekuuliza?"

"Unaniuliza tangu siku ya matanga, kila ukinitazama."

Atuganile alipunguza mwendo mpaka akawa sambamba na mjane. "Mama, Ijumaa ile ulionekana mikoroshoni."

Eufrazia hakugeuka. "Nilionekana."

"Ulifuata kuni?"

"Nilimfuata mume wangu. Aliniambia anakwenda kukagua njia. Nilitaka kuona anaikagua na nani."

"Ukaona nini?"

"Alikuwa peke yake, anapima kivuli kwa fimbo kama mwendawazimu. Nikaona aibu, nikarudi. Usiku nikamwambia asiende tena na huyu Anastasia. Nikamwambia akienda naye, asinikute. Ndiyo maana kesho yake alikwenda mwenyewe."

Walifika kwenye njia panda. Bonde lilifunguka upande wa kulia ghafla, mto chini kabisa ukimetameta kati ya majani ya mpunga, na ng'ambo yake minazi ikipanda kilima cha pili. Hakuna aliyelitazama.

Atuganile alikata matawi matatu ya mkorosho kwa panga la Polikarpo, akampa kila mmoja lake.

"Mtu anakuja nyuma yenu," alisema. "Hamtaki aende machimboni. Zibeni. Mmoja mmoja. Ukimaliza, unaondoa, mwenzio anaweka lake. Mwalimu Anastasia, anza."

Anastasia alilaza tawi lake kwenye njia ya kushoto, akalinyoosha vizuri, akarudi nyuma akifuta mikono. Gaspar alitupa lake pale pale. "Mchezo wa watoto," alisema.

Eufrazia alichuchumaa. Aliweka tawi, kisha mkono wake ukaanza kupapasa mchanga, ukachota, ukakosa cha kushika. Akatazama huku na huku. Akaliona lile bonge jeusi, ambalo Atuganile alikuwa amelirudisha mahali pake, akalikokota, akalikandamiza juu ya shina. Aliinuka kama mtu aliyefunga mlango wa nyumba yake.

"Kwa nini umeweka udongo?" Atuganile aliuliza.

"Kwetu kusini, bila udongo si tawi tu?"

Polikarpo akakohoa.

"Aliyehamisha tawi siku ile aliliacha bonge," Atuganile alisema. "Kwa hiyo si Fakihi, wala si wewe, mama, ingawa ulionekana. Ni mtu aliyejua kwamba Romani atapita hapa kinyume, asiyejua habari ya bonge. Wanabaki wawili."

"Mimi ni mtu wa Bukoba," Gaspar alisema haraka. "Nitajuaje desturi za watu wa kusini? Hata wewe, Sajenti, hukuzijua mpaka ulipoambiwa. Kutojua si kosa la jinai."

"Si kosa kabisa. Hata Anastasia hajui. Lakini Anastasia alisimama kwenye shina lililoungua akauliza njia. Wewe hukuuliza."

"Nilifuata njia iliyokuwa mbele yangu."

"Pale kwenye kichaka cha kwanza njia iliyokuwa mbele yako ni ile pana. Inakwenda kwa wachoma mkaa. Koplo alipotea humo mara mbili asubuhi hii. Wewe ulishika nyembamba, huku unazungumza, wala hukutazama chini. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga huku hata mara moja."

Gaspar alimgeukia Anastasia kana kwamba yeye ndiye aliyemuuliza.

"Umefika huku lini?" Anastasia akasema.

"Anastasia, sikiliza."

"Lini, Gaspar?"

"Ijumaa. Jioni, Fakihi alipokwisha kuondoka." Kiswahili chake cha kuchagua kilikuwa kimemwisha. "Nilitaka apotee tu! Nilijua mtamngoja shuleni, wewe na kamati nzima, aje na taarifa yake. Nilitaka afike saa sita, suruali imechanika, ajieleze mbele yako. Yule anayejua kila mti! Umwone mara moja hajui njia. Mara moja tu. Sikujua huko kushoto kuna nini."

"Kila mtu anajua kuna machimbo," Polikarpo alisema.

"Kila mtu aliyewahi kutembea," Atuganile alisema. "Njia hii iliandaliwa miezi miwili, Mwalimu. Ulialikwa?"

"Kila Jumamosi."

"Nilikubembeleza," Anastasia alisema. "Nilikwambia twende, uone mwenyewe. Nilikwambia ukifika pale juu utaacha kununa. Ukasema huwezi kumfuata Romani kama mkia." Alikaa chini mchangani, palepale, na gauni lake la misa. "Ungekuja hata siku moja ungeliona shimo."

Gaspar alitaka kumwinua. Anastasia alimkwepa bila kumtazama, akamtazama mjane.

"Kumbe," Eufrazia alisema taratibu. Aliyasema hayo kwa Anastasia, wala si kwa Gaspar. "Kumbe ni kwa ajili yako."

*

Kuandika maelezo ya Gaspar kulichukua alasiri yote. Kosa lilibadilika jina, likawa la kuua bila kukusudia, na yeye mwenyewe aliyasoma maelezo mara mbili akasahihisha herufi kubwa. Alipomaliza, Polikarpo alimwingiza mahabusu kwa mlango uleule ambao Fakihi alikuwa akitoka.

Eufrazia alikuwa amekaa kwenye benchi la mapokezi tangu waliporudi. Hakuna aliyemwita. Atuganile alikuwa amempa Fakihi kamba za viatu, mkanda na kisu chake cha kuchongea, na sasa alikuwa akifunga jalada. Lakini palibaki karatasi moja iliyokuwa ikimsumbua, akaifungua tena mbele ya wote wawili.

"Mama Eufrazia. Siku ya mazishi ulitoa maelezo kwa Koplo. Umesema hapa kwamba Fakihi alikufuata nyumbani, akakwambia atamwondoa Romani ili akurudie."

Fakihi alikuwa ameinama akifunga viatu. Mikono yake ikasimama.

"Mie sijawahi kufika kwako tangu ulipoolewa," alisema.

"Hujawahi," Eufrazia alijibu.

"Wangeninyonga, Eufrazia. Kwa maneno yako hayo."

"Najua."

"Uliamini kwamba nilimuua mie?"

Alitikisa kichwa. Aliikunjakunja ncha ya kaniki kidoleni, akaikunjua.

"Basi kwa nini?"

"Watu walikuwa wanasema amekufa kwa sababu ya yule mwalimu," Eufrazia alisema. "Msibani, ndani ya nyumba yangu, wananong'ona. Wanamwangalia yeye analia, kisha wananiangalia mie. Mume wangu amekufa kwa wivu wa watu, na wivu wenyewe ni kwa ajili ya mwanamke mwingine." Akainua uso, akamtazama Fakihi sawasawa, kama hakuwa amemtazama miaka mingi. "Nikasema kama amekufa kwa wivu, basi wivu huo uwe kwa ajili yangu."

Polikarpo aliacha kupiga mhuri. Nje, mtu alipita na baiskeli akipiga kengele.

Kutoa maelezo ya uongo kwa polisi lilikuwa kosa, na Atuganile alijua kifungu chake. Alichukua kalamu. Alingoja kuona kama Fakihi atasema neno lolote la kulalamika, maana bila mlalamikaji angeweza kuiacha karatasi ile.

Fakihi alimaliza kufunga kiatu cha kwanza. Akafunga cha pili, polepole, fundo juu ya fundo. Kisha akasimama, akachukua kisu chake mezani, akakitia mfukoni.

"Andika, afande," alisema, na akatoka.